Chikungunya na Matayarisho ya Chanjo

Wakaao Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, humjua mbu kwa malaria, ugonjwa ambao kwa desturi huzidi bondeni kuliko mlimani. Lakini yuko mbu mwingine, Aedes aegypti, aumaye mchana, naye hueneza ugonjwa wa virusi ambao jina lake limezaliwa katika nchi hii hii.

Mwaka wa 1952 watu wa Newala na uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule, walishikwa na homa ya ghafula pamoja na maumivu makali ya viungo. Wenyewe wakaiita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kitu kikunjacho, kwani mgonjwa alitembea ameinama. R. W. Ross alipata virusi vyenyewe mwaka wa 1953, na mwaka wa 1955 Robinson na Lumsden wakatoa habari za ugonjwa huo. Uwandani maji ni ya shida; watu waliyaweka akiba nyumbani, na mbu wakazaliana vyomboni.

Jina lilienea ulimwenguni, bali kinga ilikawia. Chanjo ya kwanza ilipewa ruhusa Marekani mnamo Novemba 2023, miaka 71 baada ya Newala. Chanjo hiyo ni ya virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Na Agosti 2025 ruhusa yake huko ilisimamishwa kwa ajili ya madhara mazito yaliyoripotiwa. Ya pili, isiyo na virusi hai, ilikuwa imekwisha ruhusiwa Februari mwaka huo huo.

Basi matayarisho ni nini? Korogwe yenyewe ina jibu. Kati ya 2009 na 2014 chanjo ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe kikiwa kimojawapo. Malaria haitokani na virusi, lakini kazi ni ile ile: wazazi waelezwe hata waridhie, watoto waandikwe, kila homa ipimwe, na kila mtoto afuatwe kwa miaka. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwaka wa 2021.

Kwa chikungunya kazi ya kwanza ni kupima, kwa maana homa yake hufanana na ya malaria, na mgonjwa asiyepimwa huandikiwa malaria tu. Chanjo ikiingia mahali pasipo daftari la kweli, hapana awezaye kusema imemfaa nani wala imemdhuru nani. Watu wa Newala waliutambua ugonjwa wao, wakautenga na homa nyingine kwa jina lake. Zahanati nazo hazina budi kuutenga vivyo hivyo, kabla chanjo haijafika.