Merikani, mitumba na kapeti langu la duara

Wadau, nimerudi. Najua nilipotea, lakini si mnajua tena, UE zilinibana halafu bumu likachelewa, ukiwa na njaa huandiki kitu cha maana. Sasa mitihani imeisha, niko kitandani, na chini pale sakafuni kuna kapeti la duara lenye upana wa kama mita moja hivi. Nimelifuma mwenyewe kwa tisheti kuukuu. Rumeti wangu analiita chapati. Leo naandika habari za hiyo chapati, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, mtanisamehe, tutapitia Zanzibar ya Seyyid Said kabla ya kufika kwenye sakafu yangu.

Nianze na mama. Mama yangu ni mfumaji. Wale mliokulia kwenye nyumba za kawaida za Dar mnavijua vitambaa vya kochi, vile vyeupe vya maua maua, kimoja mgongoni mwa kochi, viwili mikononi, na kingine juu ya TV. Mimi O-level nimesomeshwa na vitambaa hivyo. Mama alifuma usiku kwa kroshia nyembamba, mchana akavipeleka kwa wateja wake, wengine wakilipa kwa mafungu matatu. Siku hizi watu wananunua masofa ya ngozi (ngozi gani, tuyaache) na kitambaa juu yake wanaona ushamba. Wateja wamepungua mpaka imebaki kazi ya harusi moja moja. Kwa hiyo nilipoona kwenye simu watu wanafuma makapeti ya duara kwa matambara nikasema hapa hapa, hii ndiyo biashara ya mama.

Malighafi nilikuwa nayo. Mwisho wa mwaka hosteli zinamwaga tisheti: za kukaribisha wanafunzi wapya, za bonanza, za kampeni za uchaguzi, nyingi zinaishia kuwa madekio. Nilijaza kiroba kizima nikaenda nacho Kimara nyumbani.

Kazi yenyewe haina uchawi. Tisheti unailaza mezani, unakata pindo la chini, unakata tena usawa wa makwapa, inabaki kama bomba. Hilo bomba unalikata utepe wa sentimita 3 kwa kuzunguka, bila kukatiza, mpaka juu. Ukiuvuta ule utepe kingo zinajikunja zenyewe, unapata uzi mnene kama kamba. Kroshia za dukani zote ni nyembamba, hazifai, kwa hiyo fundi mmoja wa vinyago pale Mwenge alinichongea ya mti, nene kama kidole. Unaanza katikati na vitanzi 6. Mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, yaani kila mzunguko unaongeza 6 tu. Huungi mwisho wa mzunguko, unapanda juu ya uliopita kama gamba la konokono, na unachomeka pini ujue ulipoanzia. Ukisahau kuongeza, linanyanyuka kingo. Langu la kwanza lilinyanyuka kweli kweli, likawa kawa, lingefunika sahani ya wali bila shida.

Sasa siku niliyoshika mkasi mbele ya mama, ndipo mambo yalipoharibika. Niliitoa tisheti ya bluu, imeandikwa jina la mji fulani wa Marekani na mbio za hisani za mwaka 2011. Mama akaishika mkono wa pili.

"Hii inavalika."

"Mama, ina tundu hapa."

"Tundu linashonwa. Nguo inavalika hii, mwanangu, unaikata ukaikanyage?"

Nikadhani utani. Kumbe mwenzangu macho yameshabadilika. Akaweka tisheti mapajani, akaikunja vizuri, akanisimulia kitu ambacho miaka yote sijawahi kukisikia.

Mama alizaliwa mwaka 1974 Usukumani, babu alikuwa mkulima wa pamba. Mwaka 1983 alikuwa darasa la pili, na gauni alikuwa nalo moja. Likifuliwa, anakaa ndani mpaka likauke. Duka la kijiji lilikuwa likipata jora moja la kitambaa, majina yanaitwa, na jora linaisha kabla hawajafika kwa babu. Gauni lile lenyewe bibi alilishona kutoka kwenye shuka la kitanda. Akasema lilikuwa "la marekani". Nikamuuliza, lilitoka Marekani? Akacheka. Lilifumwa hapa hapa nchini, bibi aliita marekani kwa sababu kitambaa cha aina ile kinaitwa hivyo, basi.

Mtoto wa mkulima wa pamba, hana gauni la pili. Jamani. Nililala na hilo usiku kucha.

Halafu nikakumbuka field. Kwenye teaching practice nilifundisha kidato cha pili biashara ya masafa marefu, nikaandika ubaoni "merikani" kwenye orodha ya bidhaa, kati ya shanga na bunduki, nikapita. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani sisi hatukuwa na pamba?" Nikamjibu jibu la kukwepa, sijivunii. Basi hapa nalipa deni.

Pamba tulikuwa nayo, na wafumaji tulikuwa nao. Kilwa wanaakiolojia wamechimbua vigurudumu vya kusokotea uzi, vya karne nyingi kabla Mreno hajaonekana. Ufipa, kule karibu na Ziwa Rukwa, wanaume walifuma nguo nzito za pamba kwenye mitambo ya mbao, na nguo zile ziliuzwa mbali. Ila nguo ya mkono inakula muda. Unapanda, unachuma, unachambua mbegu, unasokota, unafuma, mpaka mtu mmoja avae imepita miezi.

Ndipo ikaja merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Zanzibar. Huyu alitoka Salem, mji wa bandari huko Massachusetts, na wafanyabiashara wa Salem ndio walioishika Zanzibar miaka ile. Walikuja na kitambaa cheupe kisichopaushwa, kigumu, cha bei nafuu. Walirudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pembe nyingi ziliishia Connecticut zikakatwa kuwa vibao vya kinanda. Kitambaa kikapanda bara na misafara mpaka Tabora na Ujiji, kikawa ndiyo pesa: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Ukipita Ugogo unadaiwa hongo, na hongo ni nguo. Mpagazi analipwa nguo. Leo mkinunua kanga mkasema "nipe doti moja" mnatumia hesabu ya misafara ile.

Lakini pamba ya merikani ilitoka wapi? Ilichumwa na watumwa, kusini mwa Marekani. Ikafumwa kaskazini, kwenye viwanda ambavyo wafanyakazi wake wengi walikuwa wasichana. Ikafika Zanzibar, ambako mtumwa mwingine, wa karafuu, alivalishwa hiyo hiyo merikani au kaniki kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi kuliko zote. Mtumwa kachuma, mtumwa kavaa, katikati watu wametajirika. Sikuwaambia kidato cha pili hilo, na ndilo lilikuwa somo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na meli za Salem hazikurudi tena na nguvu ile. Viwanda vya Uingereza na Bombay vikachukua soko. Jina tu likabaki, likashika kitambaa chochote cheupe kigumu, mpaka shuka la bibi yangu. Wafumaji wa Ufipa nao walizidi kubanwa na bei za nguo za kiwandani, ufundi wao ukafifia wakati wa ukoloni.

Sasa turudi kwenye kapeti, maana rumeti anauliza chapati iko wapi. Huko huko Massachusetts na majimbo jirani, kwenye karne hiyo hiyo ya 19, wanawake walikuwa wanakata nguo kuukuu utepe utepe, wanausuka kama nywele, wanauzungusha duara na kuushona uwe zulia. Kabla ya hapo tambara lilikuwa mali. Karatasi za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa matambara, watu walipita mitaani kuyanunua, mpaka nusu ya pili ya karne hiyo mbao zilipoanza kuchukua nafasi yake. Kusokota uzi kwa mkono unajua gharama yake, huwezi kuukanyaga kirahisi. Sweden nako mazulia ya matambara yalienea karne hiyo hiyo, pamba ya kiwandani iliposhuka bei. Kwa maoni yangu (mhadhiri wangu anaweza kubisha) kapeti la matambara ni alama ya mahali ambapo nguo imeanza kuwa nyingi. Watu wanaliita kazi ya maskini. Sawa, lakini ni maskini mwenye nguo ya kukata.

Kroshia yenyewe ni mgeni wa juzi tu. Ufumaji huu ulishika kasi Ulaya kwenye karne ya 19, na Ireland wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840 masista waliwafundisha wanawake na watoto kufuma lesi za kuuza wapate kula. Kwetu ulikuja na shule za misheni, kwenye kazi za mikono za wasichana. Kwa hiyo mama kunisomesha kwa kroshia si jambo jipya chini ya jua, wanawake wa Ireland walishatangulia.

Uhuru ulipokuja tukasema sasa tutafuma wenyewe. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza nako kikajengwa Mwatex. Kanga, vitenge, mashuka, vyote vya hapa. Halafu mafuta yakapanda bei, ikaja vita ya Kagera 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaisha, vipuri hakuna, mashine zikasimama. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na dukani hakuna kitu. Huo ndio mwaka wa gauni moja la mama. Pamba ya babu ilinunuliwa, ikachambuliwa, sehemu kubwa ya pamba ya nchi ikaenda nje kutafuta dola, na mpaka leo sehemu kubwa inakwenda hivyo hivyo.

Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba ikamiminika. Wazee waliiita kafa Ulaya, wakiamini mwenye nguo lazima amekufa, maana mtu hai atatoaje nguo nzima? Mama anasema blauzi yake ya kwanza ya mtumba aliinusa kwanza kabla ya kuivaa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa unafuu wa ushuru wa AGOA, na wengi wakarudi nyuma. Rwanda iligoma, na mwaka 2018 ikasimamishiwa unafuu huo kwa upande wa nguo.

Ndiyo maana ile tisheti ya bluu ilinishika. Ni merikani kabisa, imerudi mara ya pili, safari hii imekuja ikiwa imeshavaliwa. Na mimi nilikuwa nimeshika mkasi kama mwanamke wa Massachusetts, mama kashika upande wa pili kama mtoto wa 1983.

Tulikubaliana hivi. Kiroba kikamwagwa mkekani, mama akachambua mafungu mawili: inavalika, haivaliki. Fungu la kwanza lilikwenda kwa watoto wa jirani. Mkasi ukaruhusiwa kwenye la pili tu. Tisheti ya bluu aliishona tundu, anaivaa mwenyewe akifagia uwanja. Halafu akaingia chumbani akatoka na kanga ya marehemu bibi, imechanika katikati, imepauka mpaka maandishi hayasomeki vizuri. Akasema anzia hii.

Kanga haijikunji kama tisheti, inatoa nyuzi nyuzi kingoni, nilitukana kimoyomoyo. Lakini mizunguko 7 ya katikati ni yake. Baada ya hapo bonanza, baada ya hapo kampeni za rangi zote zimekaa kwa amani kuliko wenye vyama.

Jumapili mama alikuja hosteli kuniletea unga na dagaa. Mlangoni akaliona, akavua viatu, halafu badala ya kulikanyaga akaliruka. Akakaa kitandani analitazama. Nikamwambia nafikiri linaweza kuuzwa, wazungu wa Mwenge watalipenda. Hakujibu la bei. Akainama, akapitisha kidole ukingoni.

"Hapa uliongeza nane."

Mzunguko wa 19. Kweli, palikuwa na wimbi dogo, nililijua, nilitegemea hakuna atakayeliona. Akachomoa ncha ya uzi, akaanza kufumua, mzunguko wa 21, wa 20, wa 19, uzi unarundikana miguuni pake, rumeti kaziba mdomo. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia, nimpe kroshia.