Kibofu cha mkulima: kichocho na saratani iliyochelewa kuaminiwa

Mwaka 1911 mwalimu wa patholojia katika shule ya tiba ya Cairo, A. R. Ferguson, alichapisha taarifa ya wagonjwa 40 wa saratani ya kibofu cha mkojo. Alikuwa amevichunguza vibofu vyao kwa hadubini, na ndani ya nyama alikuwa ameona mayai ya mnyoo wa kichocho: madogo, ya mviringo, kila moja likiwa na mwiba nchani. Ferguson hakusita. Aliandika kwamba kichocho na saratani hii vina uhusiano.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliuweka mnyoo huo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1994. Kati ya taarifa ya Cairo na tamko la Lyon ipo miaka 83. Katika miaka hiyo watoto wa bonde la Nile, wa mabonde ya mpunga ya Pemba na wa malambo ya Usukumani waliendelea kukojoa damu, wakakua, wakazeeka, na baadhi yao wakafa kwa ugonjwa ambao chanzo chake kilikuwa kimekwisha kuandikwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale mno. Mwaka mmoja kabla ya Ferguson, mtafiti mwingine wa Cairo, Marc Armand Ruffer, alilainisha vipande vya figo vya maiti zilizokaushwa za Misri ya kale na kukuta ndani yake mayai yaleyale, yakiwa yamegeuka chokaa baada ya miaka zaidi ya 3,000. Askari wa Napoléon walioingia Misri mwaka 1798 walishtuka kuona mikojo yao imekuwa myekundu. Wenyeji wao hawakushtuka. Katika sehemu nyingi za Afrika ambako kichocho kimezoeleka, mvulana kukojoa damu kulichukuliwa kuwa hatua ya kukua tu. Mazoea hayo ndiyo yaliyoufanya ugonjwa huu kuwa mgumu kupigwa vita, kwa sababu watu hawatafuti tiba ya jambo ambalo kila jirani analo.

Aliyemwona mnyoo mwenyewe kwa mara ya kwanza alikuwa daktari kijana wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Alifika Misri mwaka 1850 na kufanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini. Mwaka 1851, akipasua maiti, alikuta ndani ya mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini minyoo myembamba myeupe. Dume alikuwa bapa, amejikunja kando zake zikafanya mfereji, na ndani ya mfereji huo alilala jike. Bilharz alimwandikia barua mwalimu wake kule Ujerumani kumweleza maajabu hayo, kisha akaunganisha minyoo hiyo na damu ya kwenye mkojo. Hakuishi kuona matunda ya kazi yake: alifariki Cairo mwaka 1862 akiwa na miaka 37.

Lakini watu waliupataje mnyoo huu? Kwa zaidi ya miaka 60 hakuna aliyeweza kusema. Arthur Looss, bingwa wa minyoo wa Cairo, alishikilia kwamba mabuu hutoka kwa mtu na kumwingia mtu mwingine moja kwa moja. Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba mnyoo wa jamii hiyohiyo unaopatikana kwao lazima upitie kwa konokono. Vita vya kwanza vya dunia vikazuka, Waingereza wakawahofia askari wao walioko Misri, na mwaka 1915 wakamtuma Robert Leiper. Leiper alipiga kambi karibu na Cairo, akakusanya konokono wa mifereji, akaona mabuu yakitoka ndani yao. Kazi hiyo ilimaliza ubishi. Mtu anakojoa majini, yai linaanguliwa, kiluwiluwi chake kinaingia kwa konokono, kinazaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha mabuu mapya yanatoka na kupenya ngozi ya yeyote aliyetia mguu majini. Hakuna haja ya kuyanywa.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba historia ya kichocho ni historia ya maji. Kilimo cha kale cha Misri kilitegemea mafuriko ya Nile mara moja kwa mwaka. Maji yakishuka, mashamba yalikauka na konokono wengi walikufa. Karne ya 19 ilileta pamba na mifereji yenye maji mwaka mzima, na bwawa la kwanza la Aswan likakamilika mwaka 1902. Konokono wakapata makao ya kudumu, na mkulima akawa anasimama majini katika kila msimu. Wagonjwa wa Ferguson walitoka katika kizazi hicho.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ushahidi wake haukuitikisa dunia ya tiba. Sehemu ya jibu naiona nikilinganisha na yaliyotokea Ujerumani. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza kwamba watu waliofanya kazi katika kiwanda cha rangi za nguo walikuwa wakipata uvimbe wa kibofu. Naye hakuaminiwa mara moja, na viwanda vilibisha kwa miaka mingi. Lakini mfanyakazi wa kiwanda ana daftari la mahudhurio, ana chama cha wafanyakazi, ana mwajiri wa kushtakiwa. Mwaka 1938 ilithibitishwa kwa mbwa kwamba kemikali mojawapo ya rangi hizo huleta saratani, na kufikia miaka ya 1950 Uingereza ilikuwa inaitambua saratani hiyo kama ugonjwa wa kazini wenye fidia. Mkulima aliyesimama mferejini hakuwa na daftari. Kazi yake ilimtia ugonjwa vilevile, ila hakukuwa na wa kumdai.

Sayansi ya saratani nayo ikaenda mkondo huo wa kiwandani. Kibofu, kiungo ambacho watu huona haya hata kukitaja, kikawa mahali pa ugunduzi mkubwa. Katika maabara kulikuwa na seli zilizotolewa kwenye uvimbe wa kibofu wa mwanamke mzee wa Sweden, zikiitwa T24. Mwaka 1982 makundi ya watafiti wa Marekani yaliyoongozwa na Robert Weinberg, Mariano Barbacid na Michael Wigler yalipata ndani ya seli za namna hiyo jeni ambayo, ikitiwa katika seli za panya, inazifanya zikue bila kikomo. Waliilinganisha na jeni ileile ya mtu mzima wa afya. Tofauti ilikuwa herufi moja tu ya vinasaba, na herufi hiyo ilibadilisha kiungo kimoja cha protini. Hiyo ndiyo jeni ya kwanza ya saratani kutambuliwa katika uvimbe wa binadamu. Leo dawa zinazotengenezwa kwa ajili ya saratani za mapafu na utumbo zinailenga familia ya jeni hizo.

Kibofu kilitoa na somo la kinga ya mwili. Mwaka 1976 Alvaro Morales wa Kingston, Kanada, aliripoti wagonjwa tisa ambao aliwatia ndani ya kibofu chanjo ya BCG, ileile ya kifua kikuu inayoacha kovu begani kwa watoto wetu. Askari wa mwili waliamshwa na chanjo wakaugeukia uvimbe. Tiba hiyo inatumika hadi sasa.

Ila hiyo yote ni saratani ya aina moja, ile inayotokana na seli za kawaida za utando wa ndani wa kibofu, saratani ya rangi za viwandani na moshi wa sigara. Saratani ya kichocho mara nyingi ni nyingine: ni ya seli bapa, zinazofanana na seli za ngozi. Utando wa kibofu chenye afya hauna seli hizo. Zimetoka wapi?

Jike la mnyoo hukaa miaka katika vishipa vya damu vinavyozunguka kibofu, akitaga kila siku makumi ya mayai, pengine mamia. Baadhi ya mayai hupenya ukuta na kutoka na mkojo, mwiba ukichana njiani. Ndiyo damu inayoonekana. Mengine hunasa. Mwili hulizingira kila yai kwa seli nyeupe, na seli hizo hutoa kemikali kali ambazo huunguza na majirani. Utando ukijeruhiwa, seli hugawanyika kuziba kidonda; kesho unajeruhiwa tena. Baada ya miaka kumi au ishirini ya kazi hiyo, utando hugeuka kuwa wa seli bapa, ngumu zaidi, kama sugu kwenye kiganja cha mwenye jembe. Bakteria nao hupenda kibofu kilichojeruhiwa, na wakiwamo hugeuza chumvi za kawaida za mkojo kuwa nitrosamini, ambazo huharibu vinasaba. Watafiti waliozichunguza saratani za Wamisri katika miaka ya 1990 walikuta jeni ya p53, mlinzi anayeizuia seli mbovu isizaliane, imeharibika kwa wengi.

Kwa muda mrefu utafiti wa mabadiliko haya ulikwama kwa sababu nyingine ya kusikitisha: wanyama wa maabara hawakufaa. Kwa panya, minyoo hii haishambulii kibofu kama inavyofanya kwa binadamu. Mwaka 2012 Michael Hsieh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliamua kuyachoma mayai kwa sindano moja kwa moja katika ukuta wa kibofu cha panya, na kwa mara ya kwanza wakaweza kufuatilia siku kwa siku utando unavyobadilika. Mwaka huohuo ramani ya vinasaba vya mnyoo wenyewe ilichapishwa. Ni hatua kubwa. Lakini mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya vinasaba vya saratani ya kibofu, uliotoa matokeo yake mwaka 2014 na 2017, ulichagua aina ya kwanza, isiyo ya kichocho. Mgonjwa wa Misungwi, mkoani Mwanza, hamo.

Na yupo. Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kutoka kaskazini magharibi mwa Tanzania. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa, na kwa karibu nusu ya wagonjwa wote mayai ya kichocho yalionekana katika nyama iliyokatwa. Mtu anayesoma taarifa hiyo baada ya ile ya Ferguson anaona hadubini ya Mwanza ikionyesha kitu kilekile kilichoonekana Cairo karne moja nyuma.

Haikupaswa kuwa hivyo, maana Tanzania imetoa baadhi ya maarifa bora ya kupambana na ugonjwa huu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Ifakara na wenzao wa Uswisi walifanya jambo rahisi wilayani Kilosa. Walituma karatasi za maswali kwa walimu, na walimu wakawauliza wanafunzi ni maradhi gani wanayo, kichocho kikiwamo. Majibu ya watoto yalilingana na vipimo vya mkojo kiasi kwamba shule zenye hatari ziliweza kutambuliwa kwa gharama ndogo sana. Kwa maneno mengine, watoto walikuwa wakijua siku zote.

Dawa nayo ilikuwapo. Prazikwanteli iligunduliwa Ujerumani katika miaka ya 1970, na hutolewa vidonge kwa kipimo cha mara moja. Kabla yake kulikuwa na sindano za antimoni, zilizoanza kutumika Khartoum mwaka 1918. Misri ilizitumia kwa mamilioni ya watu hadi miaka ya 1980, sindano zilezile zikipita kutoka mkono hadi mkono, na hivyo kampeni iliyotaka kuokoa kibofu ikasambaza homa ya ini aina ya C katika taifa zima. Wamisri walilipa gharama kubwa, ila vidonge vilipokuja kichocho kilipungua, na saratani ikafuata. Mapitio ya wagonjwa 9,843 wa taasisi ya taifa ya saratani mjini Cairo, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba saratani ya kibofu ilishuka kutoka asilimia 27.6 ya saratani zote hadi 11.7, na sehemu ya seli bapa kutoka asilimia 75.9 hadi 28.4. Ni nadra kuona saratani ikirudi nyuma hivi kwa sababu watu walitibiwa minyoo.

Zanzibar imethubutu zaidi. Katika miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya watoto wa shule Pemba walikuwa na kichocho. Kuanzia mwaka 2012, Unguja na Pemba zilifanya mradi wa kukitokomeza: dawa mara mbili kwa mwaka, na katika baadhi ya shehia konokono kuuawa mitoni, katika nyingine elimu, vyoo vya kukojolea shuleni na makaro ya kufulia nguo ili kinamama wasilazimike kuingia mtoni. Ugonjwa ulishuka sana, ingawa haukuisha. Umebaki katika vijiji vichache ambako kila mwaka unawaka upya.

Mapungufu ya sasa yanajulikana. Kampeni nyingi zimepita shuleni, zikamwacha mtoto mdogo anayeogeshwa mtoni na mama yake, na zikamwacha mtu mzima anayelima majaruba. Kwa mdogo, vidonge vipya vinavyoyeyuka vilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, na mwaka 2024 vilipata kibali cha Shirika la Afya Duniani. Kwa mtu mzima, shirika hilo lilipendekeza mwaka 2022 kwamba mahali ambapo angalau mtu mmoja kati ya kumi anaugua, kila mwenye miaka miwili na zaidi apewe dawa, wazee wakiwamo. Anayebaki ni aliyekwisha kuishi na mayai miaka thelathini. Mtu huyo akikojoa damu leo, vidonge vitaua minyoo lakini havitaondoa seli zilizokwisha kugeuka. Anahitaji kuchunguliwa kibofu kwa kamera, nayo kwa mkulima wa Kwimba ipo mjini, mbali na nauli yake.