Maili Tisa za Florida: Huruma ya Trafiki na Mgao Wake

Kumbukumbu za polisi wa barabara kuu za jimbo la Florida, nchini Marekani, zina jambo la kushangaza. Madereva wengi mno waliopigwa tochi na kukutwa na mwendo kasi wameandikiwa kwamba walizidisha kiwango kwa maili 9 kwa saa kamili. Walioandikiwa maili 10 ni wachache sana. Haiwezekani umati wa madereva wasiojuana ukapatana kukanyaga mafuta kwa kipimo kimoja. Jibu limo katika jedwali la faini: anayezidisha maili 6 hadi 9 hutozwa faini ya msingi ya dola 25, na akifika 10 faini inaruka hadi dola 100. Basi askari aliyemkamata dereva kwa maili 17, moyo wake ukimlainika, humwandikia 9 na kumwachia aende zake.

Kwa haraka haraka, huo ni utu. Dereva ameadhibiwa, ila hakukamuliwa.

Wachumi Felipe Goncalves na Steven Mello waliipekua tabia hiyo katika utafiti uliochapishwa na jarida la American Economic Review mwaka 2021. Waligundua kwamba wapo askari ambao hawampunguzii mtu yeyote, na wapo wanaopunguza mara kwa mara. Jambo zito zaidi lilikuwa jinsi punguzo lilivyogawanywa: madereva Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini walilipata mara chache kuliko Weupe waliokuwa katika mazingira yaleyale. Kwa makadirio yao, ubaguzi huo ulitoka kwa takriban askari wanne kati ya kumi. Askari hao huenda hawakumtukana mtu wala kumpiga. Walichofanya ni kuwaonea huruma baadhi ya watu kuliko wengine, na kila dereva, akitazama karatasi yake peke yake, asingeweza kujua kama amependelewa au amenyimwa.

Mwaka 1980 mwanasayansi wa siasa Michael Lipsky alidai katika kitabu chake kuhusu watumishi wa umma wa ngazi ya chini kwamba mwalimu, ofisa ustawi na polisi ndio wanaotunga sera kwa vitendo, kwa kuwa wao ndio huamua nani apate nini. Barabarani hoja hiyo haina mpinzani. Makosa ya usalama barabarani ni mengi kiasi kwamba hata dereva makini hamalizi safari ndefu bila kuteleza mahali. Hakuna jeshi linaloweza kukamata yote, kwa hiyo kusamehe ni sehemu ya kazi ya trafiki, na anayesamehe anatumia mamlaka ya dola sawasawa na anayetoza.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliyapa mamlaka hayo uwanja mpana zaidi mwaka 1996, katika kesi ya Whren. Majaji wote walikubaliana kwamba, maadamu kosa la barabarani lipo, nia iliyomfanya askari amsimamishe dereva haihusu. Matokeo yake yalionekana Falcon Heights, Minnesota, Julai 6, 2016. Philando Castile, msimamizi wa huduma ya chakula shuleni, alisimamishwa na kuambiwa taa ya breki haiwaki. Muda mfupi kabla ya hapo askari aliyemsimamisha alikuwa amesema kwenye redio kwamba dereva anafanana na mshukiwa wa ujambazi. Castile alipigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, akafa. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru askari mwaka uliofuata. Kabla ya siku hiyo Castile alikuwa amekwishasimamishwa zaidi ya mara 40, nyingi kwa makosa madogo madogo.

Wapo wanaosema dawa ni kuweka kamera, kwani mashine haina ndugu wala rangi. Chicago ilijaribu. Mwaka 2022 shirika la habari la ProPublica lilionyesha kwamba kaya za maeneo ya Weusi na Walatino ziliandikiwa faini za kamera kwa kiwango cha karibu mara mbili ya maeneo ya Weupe, na mojawapo ya sababu ni barabara zenyewe: pana, zenye njia nyingi, zinazomshawishi mtu kukimbiza gari. Kamera haikupendelea mtu. Haikumwonea huruma mtu pia.

Njia yenye manufaa zaidi ni kuitoa huruma mfukoni mwa askari na kuiweka kwenye kanuni. Florida yenyewe imefanya hivyo kwa sehemu: anayezidisha maili 1 hadi 5 hupewa onyo tu, isipokuwa maeneo kama ya shule. Philadelphia ilipitisha sheria mwaka 2021 inayokataza kumsimamisha dereva kwa sababu tu ya baadhi ya makosa madogo, kama taa moja ya breki iliyokufa. Huko Minneapolis, baada ya kifo cha Castile, ulianzishwa mpango wa Lights On!, ambapo askari humpa dereva hati ya kutengenezewa taa bure gereji badala ya faini.

Msomaji wa Tanzania, aliyezoea faini ya papo hapo, hatakuwa mgeni wa hoja hii. Trafiki akiandika, karatasi inabaki. Akisamehe kwa mdomo, hakuna kinachobaki, na hapo ndipo msamaha wa haki, upendeleo na rushwa huvaa sare moja. Ubaguzi wa Florida ulijulikana kwa sababu tu kasi na jina la askari viliandikwa. Tena kuandika huko kunaweza kuwekwa kisheria: jimbo jingine la Marekani, North Carolina, lilitunga sheria ya kukusanya takwimu za usimamishaji wa magari mwaka 1999. Majeshi ya polisi ya Afrika Mashariki yaanze na onyo: liandikwe kama faini inavyoandikwa, likiwa na kosa, mahali na namba ya askari, na takwimu zake zitangazwe kila mwaka.