Wazee walitasa, kisha wakashika majembe

Nilipoacha chuo, niliambiwa ni laana ya ukoo. Nikarudi Bura, nikakaa mwaka mzima nikingoja kuombewa. Hakuna kitu kilibadilika.

Sasa skizeni historia yetu. Kabla mapadre hawajafungua misheni hapa Bura mwaka wa 1892, Wataita waliamini hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu au mzazi inaweza kukuletea ugonjwa na mikosi. Dawa yake ilikuwa kutasa. Mwenye hasira anajaza pombe au maji mdomoni, anayatema kwa kuyapuliza huku akitamka maneno ya heri, na hasira inatoka.

Lakini wazee hawakukaa hapo kungoja. Walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya vijito mpaka mashambani, wakaisafisha pamoja, wakapeana zamu za kumwagilia. Kutasa hakukuchimbia mtu mfereji.

Mimi sikufanya hata moja. Baba alikuwa na uchungu wa karo iliyopotea, nami nilikuwa namkwepa. Juzi nikamwendea, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwanangu." Kesho yake asubuhi nilikuwa shambani. Laana sijui, lakini sukuma wiki imeota.