Kutoka Ikulu Hadi kwa Chifu: Nani Amhukumu Mwanachuo?

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400 waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam. Wengi walitoka chuo kikuu cha Mlimani, wengine vyuo vya jirani, na baadhi yao walivaa majoho. Walikuwa na risala ya kumsomea Rais Julius Nyerere, na mabango yao hayakupaka maneno asali. Bango moja lilisema kwamba wakati wa mkoloni kulikuwa na nafuu.

Kisa kilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka kila anayemaliza kidato cha sita au chuo alitumikie taifa miaka miwili: miezi michache kambini, kisha muda uliobaki kazini akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Ukiisoma leo, ukiwa na deni la HELB na intanshipu isiyolipa hata nauli ya matatu, unaweza kuwaelewa. Lakini hawakulalamika kuhusu pesa zao tu. Waliuliza pia kwa nini wao wajifunge mkanda ilhali mawaziri na wakubwa serikalini wanalipwa mishahara minono. Kama taifa ni maskini, umaskini huo mbona usianzie juu?

Nyerere aliisikiliza risala mpaka mwisho. Kisha akawaka. Alikubali kwamba mishahara ya viongozi imezidi, na hapo hapo akaupunguza wake kwa asilimia 20. Halafu akawageukia wanafunzi: nendeni nyumbani. Wakasindikizwa na polisi, wakakusanya mizigo yao, wakarudishwa makwao. Ufadhili ukakatwa. Miezi mitatu na ushee baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake makali kwa viongozi: hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba za kupangisha. Wanafunzi walikuwa wamefukuzwa, lakini swali lao lilibaki mezani.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya Mwalimu aliyewatia adabu watoto wa wasomi. Ni kweli kina ladha hiyo. Ni marais wangapi unaowajua waliowahi kuwaadhibu raia na kujikata mshahara siku moja? Ila ukikitazama kwa jicho la mwanachuo, utaona jambo lingine. Aliyelalamikiwa ndiye aliyesikiliza kesi, ndiye aliyetoa hukumu, na polisi waliotekeleza walikuwa wake. Aliyelibeba lile bango la mkoloni na aliyefuata tu mkumbo walipata adhabu moja. Hakuna aliyeulizwa, wewe binafsi ulifanya nini? Mwaka 1967 wengi wao waliruhusiwa kurudi darasani, na hilo nalo lilikuwa hisani ya aliyewafukuza. Anayekusamehe bila kukusikiliza anaweza pia kukufukuza bila kukusikiliza.

Miaka mitano baadaye, Mlimani iliwaka tena, na safari hii aliyekuwa katikati ni Mkenya. Wakati chuo hicho kilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, vijana walivuka mipaka kusoma, na hata baada ya muungano huo kuvunjwa mwaka 1970 wanafunzi wa Kenya waliendelea kuwepo Dar. Mmoja wao, Symonds Akivaga, alichaguliwa rais wa DUSO, chama cha wanafunzi. Julai 1971 aliandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, akiukosoa uongozi. Wakati huo TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, waraka uliowakataza viongozi kuwa na majivuno na kuwanyanyasa walio chini yao. Wanafunzi waliusoma wakaona unawahusu hata wakubwa wa chuo. Wakubwa wa chuo hawakuona hivyo.

Askari wa kutuliza ghasia waliletwa, wakamchukua Akivaga wakiwa na bunduki, akapakiwa kwenye ndege hadi Nairobi. Barua moja ilijibiwa kwa kikosi kizima. Lakini safari hii wenzake hawakufunga virago. Waligoma, wakataka arudishwe, na mvutano ule ukasaidia kuwafungulia wanafunzi nafasi zaidi kwenye vikao vya maamuzi vya chuo. Mwaka 1966 mkuu alikuwa amejikata mwenyewe kabla ya kuwakata wengine. Mwaka 1971 aliyetoa adhabu hakupoteza hata senti. Wanafunzi wana pua kali kwa mambo kama haya. Adhabu inayoshuka tu, isiyomgusa aliye juu, haiwafundishi adabu. Inawafundisha nani mwenye bunduki.

Na huku kwetu? Somo hilo tulilifundishwa mapema. Mwaka 1969 serikali ilimzuia Jaramogi Oginga Odinga kuhutubia wanafunzi wa Nairobi. Wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akifundisha pale, akajiuzulu kupinga jinsi mambo yalivyoendeshwa. Hapo ndipo kufunga chuo kulipoanza kuzoeleka kama dawa: mmoja akikohoa, wote wanapelekwa nyumbani.

Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 liliifanya dawa hiyo kuwa sumu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, alifungwa miaka kumi kwa uchochezi na akafia gerezani mwaka 1988. Mwaka 1987 SONU ikapigwa marufuku, na mwenyekiti wake Robert Wafula Buke akafungwa miaka mitano. Hawa hawakuitwa mbele ya kamati ya nidhamu wajieleze kuhusu utovu wa adabu. Kesi zao zilihamishwa kabisa kutoka chuoni hadi mahakamani na seli.

Kwa wale wengi wasiofungwa, kulikuwa na chifu. Katika miaka hiyo, mwanachuo aliyerudishwa nyumbani aliamriwa kuripoti kwa chifu wa eneo lake. Hebu fikiria: kijana wa kwanza kijijini kuingia chuo kikuu, aliyeagwa kwa sherehe, sasa anapanga foleni mbele ya afisa ili athibitishwe kwamba ametulia. Na chifu huyo alishikilia sheria ya mkoloni, iliyotungwa miaka ya 1930 kumdhibiti mwananchi, na makali yake yalikuja kupunguzwa mwaka 1997. Adhabu ya chuo ikageuka aibu ya familia nzima. Wazazi waliona mtoto wao akihesabiwa kama mshukiwa, na hawakuambiwa alikosa nini.

Sisemi wanafunzi ni malaika. Makomredi wamewahi kupiga mawe magari ya watu wasiohusika, wameiba mitihani, wamechoma mali waliyonunuliwa kwa kodi ya mama mboga. Chuo kisichoadhibu si chuo. Tatizo la historia hii ni kwamba neno nidhamu lilibeba vitu viwili kwa wakati mmoja. Aliyeiba mtihani na aliyeuliza swali walitumiwa barua inayofanana, na tofauti yao ilibaki kichwani mwa aliyetia sahihi.

Ndiyo maana Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kina uzito kuliko kinavyoonekana. Kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa na mamlaka kwa njia halali, ya busara na ya haki, na akiathiriwa, apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ikaongeza nyama: upewe taarifa mapema, usikilizwe, uambiwe njia ya kukata rufaa. Mahakama zetu zimewahi kutengua maamuzi ya vyuo kwa sababu mwanafunzi hakusikilizwa. Zimewahi pia kuwarudisha wanafunzi waliokimbilia kwa jaji kabla ya kumaliza rufaa ya ndani. Kwa hiyo barua ya kujieleza ikikufikia, usiitupe kwa hasira. Ijibu. Dai uone ushahidi. Fika kwenye kikao. Meza hiyo, hata ikiwa na sura za kuudhi, ni meza ambayo Akivaga hakupewa.

Mlimani imetuachia kiporo kimoja cha historia. Kati ya waliofukuzwa mwaka 1966 alikuwemo Samuel Sitta. Pius Msekwa, aliyeandikiwa ile barua ya 1971, alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanzania hadi mwaka 2005. Aliyempokea kiti ni Sitta. Mwanachuo aliyetimuliwa kwa kusema alipewa kazi ya kuamua nani aseme, na kwa muda gani.