Kutuliza: neno linalotupunja

Ukishuka kutoka Newala, huko juu kwa Wamakonde, hadi Ndanda iliyoko chini kwenye barabara ya Masasi, utaisikia dawa moja ikiitwa majina manne. Ndugu wa mgonjwa husema dawa ya usingizi. Jirani husema dawa ya vichaa. Muuguzi huandika CPZ juu ya bahasha ya vidonge, na ukimuuliza kirefu chake hutamka klopromazini. Lakini waulize inafanya nini, wote watajibu kwa neno moja: inatuliza.

Ni neno zuri, na ndilo linalotupunja. Kiswahili kimekwisha kulipa kazi nyingine hospitalini: dawa ya kutuliza maumivu. Matumizi ya hiyo kila mtu anayajua. Kichwa kikiacha kuuma unaacha kumeza, na vidonge vilivyobaki unaviweka akiba. Basi mama anayeambiwa kwamba mwanawe amepewa dawa ya kumtuliza hufanya lile ambalo lugha imemfundisha. Kijana akishalala, akala, akaacha kujibizana na watu wasioonekana, vidonge hupanda juu ya kabati. Baada ya miezi anarudiwa, na ukoo unasema dawa za hospitali haziponyi.

Dawa yenyewe ilianza na sifa hiyo hiyo. Mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc aliiunda Ufaransa mwezi Desemba 1950. Daktari wa upasuaji, Henri Laborit, alikuwa akitafuta kitu cha kupunguza mshtuko wa mwili wakati wa upasuaji, akaona wagonjwa wanapoa bila kupoteza fahamu. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Ikauzwa kwa jina la Largactil, yaani yenye utendaji mpana, na kweli ni mpana: huzuia kutapika, hukomesha kwikwi iliyokataa kukoma, hushusha presha, huleta usingizi. Usingizi huja ndani ya saa chache. Sauti zinazomsumbua mgonjwa, au imani kwamba jirani anamtegea sumu, hupungua taratibu kwa siku na wiki, kadiri dawa inavyozuia kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Hizo ni kazi mbili. Ya kwanza ina jina. Ya pili, ambayo ndiyo tiba, imefunikwa na jina la mwenzake. Waingereza nao walipita hapo hapo: kwa miaka mingi waliziita dawa hizi vitulizo vikubwa, kabla istilahi ya dawa dhidi ya saikosisi, yaani ugonjwa wa sauti na imani za namna hiyo, haijashika.

Pale wananchi walipojitungia jina wenyewe, walilenga vizuri zaidi. Sindano ya mwezi ni flufenazini, dawa ya jamii hiyo hiyo, iliyoyeyushwa katika mafuta ya ufuta, zao ambalo mkulima wa Masasi hahitaji kuelezwa. Mafuta hukaa msulini yakiachia dawa kidogokidogo kwa wiki kadhaa. Jina linataja muda, kwa hiyo linamkumbusha mtu tarehe ya kurudi. Hata hatari linaidokeza: kilichodungwa kwa mwezi hakitolewi kwa siku moja, na kikileta madhara, madhara nayo hukawia.

Kwenye madhara ndiko tulikopungukiwa maneno. Siku za mwanzo, hasa kwa kijana wa kiume aliyepewa haloperidoli, dawa nyingine ya kundi hili, shingo inaweza kupinda upande, taya likabana, macho yakapanda juu na kukwama huko. Sindano ya promethazini hulegeza hali hiyo, na vidonge vya benzheksoli huizuia isirudi. Lakini nyumbani tukio hilo lina jina tayari, nalo ni mashetani, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga kabla ya kliniki. Neno kukakamaa lingetosha: kukakamaa kwa dawa.

Kuna dhara jingine linalompotosha hata mtaalamu. Mgonjwa hawezi kukaa. Anasimama, anaketi, anakanyagakanyaga pale pale, usiku anazunguka uani. Madaktari huliita akathisia. Ndugu wanaripoti kwamba hajatulia, na kwa kuwa dawa ni ya kutuliza, jibu linaonekana wazi: ongeza. Kumbe dawa ndiyo inayomchachatisha, na kila nyongeza humzidishia. Mtaani tunalo neno linalofaa kabisa, mchecheto, ila hakuna aliyeliandika kwenye cheti.

La tatu hujitokeza baada ya miezi au miaka ya kutumia: midomo na ulimi huanza kucheza vyenyewe, mtu akitafunatafuna mdomo mtupu. Kurudufu kitenzi kumemaliza maelezo ambayo Kilatini na Kigiriki hushirikiana kuyatoa katika jina la kitabibu. Hali hiyo huenda isiishe hata dawa ikiachwa, ndiyo maana ionwe mapema. Na lipo la hatari kuliko yote, ingawa ni nadra: homa kali, mwili kukakamaa na fahamu kuchafuka kwa wakati mmoja. Katika nchi ya malaria, homa hiyo itaitwa malaria. Mtu anayetumia dawa hizi akipatwa nayo asisubiri. Asimeze kidonge kingine, na akimbizwe hospitali.

Madogo yana wakati wake. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi juani, na msimu wa kuokota korosho hauna kivuli. Msimu huo huo ndio wa mabibo, na pombe zake, uraka au nipa, juu ya kidonge humlaza mtu kupita kiasi.

Juhudi zetu za istilahi zimeelekea kwa mgonjwa, si kwa dawa. Tumeacha kusema kichaa na kushika mgonjwa wa akili. Tanzania ilipata Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa 1927 na kugeuzwa tusi la vijiweni, leo ina neno afya ndani ya jina lake. Ni vyema. Ila wapo wanaotaka tuendelee kufuta maneno, kwa hoja kwamba neno wazimu limebeba mizimu. Kadi za chanjo zimeandikwa pepopunda kwa miaka mingi, na hakuna pepo aliyewahi kuzuia sindano. Neno la zamani linavumilika, mradi kila mtu ajue linaelekeza wapi.

Jina la Ndanda limo kwenye majalada ya vitabu vingi vya Kiswahili vya Wabenediktini, na hospitali yao iko hapo hapo. Mahali penye kalamu na dawa pamoja panaweza kuanza na bahasha. Chini ya 1×2 yaongezwe maneno matatu: kukakamaa, mchecheto, kutafunatafuna. Mama wa Kitangari, kule Newala, hana haja ya kutamka akathisia. Akirudi kliniki na neno mchecheto, daktari atapitia upya kipimo cha dawa. Akirudi na neno hajatulia, huenda kikaongezwa.