Kutoka fremu 6 hadi 315: historia ya draiva zilizoibeba Linux

Mwaka 2012, kwenye ofisi za kampuni ya Valve katika jimbo la Washington, Marekani, wahandisi waliwasha gemu ya zombi ya Left 4 Dead 2 kwenye kompyuta yenye Linux. Mashine ilikuwa ya uhakika: prosesa ya Intel Core i7, memori ya gigabaiti 32 na kadi ya grafiki ya NVIDIA GTX 680, mojawapo ya kadi zenye nguvu kubwa siku hizo. Gemu ilifunguka, lakini picha zilijikongoja kwa fremu 6 kila sekunde. Mchezaji hutaka angalau fremu 30, na akipata 60 hufurahi. Kwa fremu 6, zombi ameshakukaba koo kabla hujauona mguu wake ukinyanyuka.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo Valve ikatangaza kipimo kipya: fremu 315. Gemu hiyo hiyo, kwenye mashine yenye vifaa hivyo hivyo lakini inayotumia Windows 7, ilitoa fremu 270.6.

Hakuna aliyebadili kadi wala kuongeza memori. Wahandisi waliirekebisha gemu ili ielewane na Linux, kisha wakakaa na watengenezaji wa kadi kuinoa draiva. Naisimulia historia hii kwa sababu kila vijana wanapobishana ni mfumo endeshi upi wenye kasi zaidi, draiva ndiyo inayosahauliwa.

Mkalimani asiyeonekana

Draiva ni programu inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa. Gemu haijui chipu ya kadi inavyofanya kazi. Inatoa amri kwa lugha ya jumla: chora pembetatu hii, ipake rangi ile, weka kivuli pale. Draiva inazigeuza amri hizo ziwe maagizo ambayo chipu inayaelewa. Ukitaka fremu 60 kila sekunde, kompyuta ina milisekunde zisizofika 17 za kumaliza fremu moja. Mkalimani akisuasua, kadi yenye nguvu inakaa bure ikisubiri kazi.

Lugha kubwa zilikuwa mbili. OpenGL ilitoka kwa kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1992, ikikusudiwa mifumo yote. Mwaka 1995 Microsoft ikaleta DirectX, ambayo baadaye ilibeba Direct3D, lugha ya mifumo ya Microsoft peke yake. Windows ilikuwa kwenye kompyuta nyingi zaidi, watunzi wa gemu wakaifuata, na watengenezaji wa kadi wakawafuata watunzi. Jasho lao jingi likaishia kwenye draiva za Windows.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ilitegemea zaidi watu wa kujitolea. Mwaka 1993 Brian Paul alianza kuandika Mesa, programu huria inayotekeleza amri za OpenGL. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Wine, wa kuziwezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux. Toleo lake la 1.0 lilitoka Juni 2008, miaka 15 baadaye. Kampuni ya Loki Software ya California ilianza mwaka 1998 biashara ya kuzihamishia gemu kwenye Linux. Januari 2002 ikafunga shughuli zake.

Mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa

NVIDIA ilikuwa na draiva ya Linux yenye kasi, lakini msimbo wake ulikuwa siri. Hitilafu ikitokea, fundi wa Linux hakuweza kuifungua aone kasoro iko wapi. Tarehe 14 Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, mhudhuriaji mmoja alimweleza Torvalds alivyohangaika na kompyuta mpakato yenye teknolojia ya NVIDIA ya kubadilishana kati ya kadi mbili. Torvalds alijibu kwamba hiyo ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, kisha akaigeukia kamera na kuonyesha kidole cha matusi. Ishara haikuwa ya heshima, lakini uchungu wake ulikuwa wa miaka mingi.

AMD ilichukua njia nyingine. Baada ya kuinunua ATI mwaka 2006, Septemba 2007 ilitangaza kwamba itatoa nyaraka za chipu zake ili watu waandike draiva huria. Miaka ya mwanzo draiva hizo zilikuwa nyuma sana, na waliozitumia walivumilia mengi. Ila mlango ulikuwa wazi. Februari 2016 ilipozinduliwa Vulkan, lugha mpya ya grafiki iliyojengwa juu ya kazi ya AMD iitwayo Mantle, David Airlie na Bas Nieuwenhuizen hawakusubiri. Mwaka huo huo walianza RADV, draiva huria ya Vulkan kwa kadi za AMD, kabla kampuni yenyewe haijautoa hadharani msimbo wa draiva yake ya Linux.

Valve nayo ilishaonja machungu. Novemba 2015 kompyuta zake za Steam Machine ziliingia sokoni zikiwa na Linux, gemu zikawa chache, na vipimo vya waandishi vikaonyesha baadhi ya gemu zikienda polepole kuliko kwenye Windows. Mradi ukafifia.

Aliyetaka kucheza gemu yake

Mkombozi alitoka nje ya kampuni. Mjerumani Philip Rebohle alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux, ikawa haichezeki vizuri. Akaandika DXVK, programu inayozigeuza amri za Direct3D 11 kuwa za Vulkan wakati gemu ikiendelea. Valve ilimwajiri, na tarehe 21 Agosti 2018 ikatoa Proton, iliyounganisha Wine na DXVK. Maelfu ya gemu za Windows zikaanza kuchezeka kwenye Linux bila watunzi kuandika upya hata mstari mmoja.

Mwaka huo huo Apple ilielekea upande wa pili. Juni 2018 ilitangaza kwamba OpenGL kwenye Mac imepitwa na wakati, na watunzi wahamie Metal, lugha ya Apple peke yake. Mwaka 2019 toleo la mfumo wa Mac liitwalo Catalina likaacha kuendesha programu za biti 32, na gemu nyingi za zamani zikazimika siku mwenye Mac aliposasisha mfumo.

Februari 2022 Valve ilianza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi yenye chipu ya AMD, Linux na draiva huria. Mei mwaka huo NVIDIA nayo ikaufungua msimbo wa sehemu ya draiva yake inayokaa kwenye kiini cha Linux. Karibu miaka 10 ilikuwa imepita tangu siku ile ya Aalto.

Je, Linux sasa ina kasi kuliko Windows? Kwenye gemu nyingi, hasa kwa kadi za AMD, zinakaribiana sana, na mshindi hubadilika kulingana na gemu. Nyingine hazifunguki kabisa kwenye Linux, kwa sababu programu zake za kuzuia wadanganyifu hazikubali.

Kwa hiyo ukisikia mtu anatamba kwamba mfumo wake una kasi, muulize: kadi gani, draiva toleo lipi, na gemu inazungumza lugha ipi? Valve walipoirudisha gemu ile kwenye Windows wakitumia OpenGL badala ya Direct3D, ilipanda kutoka fremu 270.6 hadi 303.4. Windows ilikuwa ile ile. Na wewe, kabla hujatoa fedha kununua kadi mpya, sasisha kwanza draiva ya hiyo uliyonayo.